Pedali ilizama Silverstone, na sasa naambiwa ninunue breki za pauni 2,400

Shikamoo mzee wangu,

Mimi ni kijana wa Unguja, miaka 34, na huu ni mwaka wangu wa tisa hapa Northampton. Nafanya kazi ya ghalani, zamu ya usiku. Miaka miwili nyuma nilinunua Toyota GT86 ya 2014, nyekundu, kutoka kwa mtu. Gari zangu mbili za mwanzo nilizinunua kwa shida, ili nifike kazini. Hii ndiyo ya kwanza niliyoinunua kwa kuipenda.

Kutoka kwangu hadi Silverstone, uwanja wa mbio za magari, ni mwendo wa nusu saa. Mwezi uliopita mwenzangu wa kazini akanishawishi twende siku ya uwanja. Unalipa, asubuhi unasikiliza maelezo ya usalama, unavaa kofia ngumu, halafu unaingia na gari lako mwenyewe kuzunguka kwa vipindi vya dakika 20. Si mashindano, na kujipima kwa saa hairuhusiwi. Wallahi sijawahi kufurahi vile tangu nije nchi hii.

Vipindi viwili vya asubuhi vilikwenda vizuri. Cha tatu kilikuwa mchana, jua limetoka. Mzunguko wa sita au wa saba, nashuka Hangar Straight, sehemu ya uwanja iliyonyooka, naelekea kona ya Stowe, mshale uko kwenye maili 118, yaani kama kilomita 190 kwa saa. Nikakanyaga breki. Pedali ikaenda mpaka sakafuni, laini, kama nimekanyaga unga uliokandwa. Nikapampu mara mbili, ikashika kidogo, nikashusha gia, lakini kona ilikuwa imeshanipita. Nikaishia kwenye changarawe. Sikuumia, gari halikugonga kitu. Walilivuta kwa trekta, na mpaka leo nikifungua mlango kuna kijiwe kinadondoka.

Tulikaa pembeni kama dakika 40. Nikajaribu pedali: ngumu, safi, kama hakukutokea kitu. Nikaendesha taratibu hadi nyumbani.

Nikampelekea fundi mmoja anayeuza vifaa vya magari ya mbio. Akalizunguka gari, hakuvua hata tairi moja, akasema breki lilizotoka nazo kiwandani ni za kwendea sokoni. Anataka kunifungia seti kubwa ya mbele: kalipa (vile vibanio vya pedi) za pistoni sita, diski za milimita 355 zenye matundu, pauni 2,400 pamoja na kufunga. Rimu zangu za inchi 17 hazitaingia juu ya kalipa hizo, kwa hiyo rimu na tairi mpya ni gharama nyingine. Binamu yangu aliyeko Dubai anasema nisiwe mjinga, yeye atanipatia kalipa kama hizo hizo, nyekundu, zenye jina kubwa, kwa robo ya bei.

Pesa ninazo, lakini si zangu peke yangu. Nyumba ya mama Bububu imefika lenta na tumeweka pauni 2,600 za kupaulia. Mke wangu anaijua ile hesabu hadi senti. Asichokijua ni kwamba nilikwenda Silverstone. Nilimwambia nina ovataimu. Na Jumamosi gari hili analiendesha yeye, anakwenda kazini kwenye nyumba ya wazee.

Nikupe na hali ya gari. Pedi nilibadilisha mwaka jana, za bei nafuu. Mafuta ya breki sijayagusa tangu nilinunue, na ukichungulia kichupa chake yana rangi ya chai kavu. Tairi ni zile lilizokuja nazo.

Ninunue hiyo seti, au niachane na mambo ya uwanja? Na gari sasa halina tatizo, si ndiyo?

Mguu Mzito, Northampton


Marahaba, mwanangu, na pole kwa changarawe.

Swali lako la mwisho nalitanguliza, kwa sababu Jumamosi haiko mbali. Gari halijapona. Mkeo asiliendeshe, na wewe usiliendeshe, mpaka mafuta ya breki yatolewe yote na kuwekwa mapya. Usiongeze juu ya yale yaliyomo. Toa ya zamani yote, magurudumu manne, mpaka yanayotoka yawe na rangi ya yale uliyomimina. Ni kazi ya saa moja kwa gereji yoyote ya mtaani kwako, na kama zamu yako inaruhusu, ifanyike kesho.

Huenda unajiuliza kwa nini nina haraka wakati pedali yenyewe ni ngumu. Ilivyo ni hivi. Ukikanyaga pedali, mafuta ndiyo yanayobeba nguvu ya mguu wako hadi kwenye pistoni za kalipa. Yanaweza kazi hiyo kwa sababu kimiminika hakibanwi. Lakini mafuta haya yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, polepole, kupitia mipira na kichupa, mwaka baada ya mwaka. Mafuta ya DOT 4, daraja la kawaida la mafuta ya breki, yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 230. Yakishanyonya maji ya kutosha, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi nyuzi 155. Ya kwako yana angalau miaka miwili, na ukweli ni kwamba hujui aliyekuuzia aliyaacha humo muda gani. Pale Stowe yalichemka ndani ya kalipa. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa. Mguu wako ulikuwa unabana mvuke, ndiyo maana ukahisi unga.

Ulipokaa zile dakika 40, mvuke ulipoa ukarudi kuwa kimiminika. Pedali ikawa ngumu tena. Maji hayakwenda popote, yamo humo humo. Sikwambii kwamba Jumamosi breki zitakufa kwenye keepleft ya kwanza. Kwa mwendo wa mjini pengine gari lingekwenda miezi bila kisa. Ila mimi nimeshika spana miaka 41, na gari lililokwisha kunionyesha pedali chini silimpi mtu ninayempenda bila kulifungua. Wakati tairi zimevuliwa, mwambie fundi aangalie changarawe kati ya diski na bati la nyuma yake. Kijiwe kimoja kikikaa pale kinachora diski kama sindano ya gramafoni.

Sasa tuje kwenye pauni 2,400.

Huyo aliyekuuzia maneno alikosea jambo moja la msingi: hakukuuliza pedali ilifanya nini. Breki zinazokataa uwanjani zinakataa kwa namna tofauti, na kila namna ina dawa yake. Pedali ikizama, mara nyingi mgonjwa ni mafuta, au kuna upepo umeingia. Pedali ikibaki ngumu kama jiwe lakini gari halisimami, na unasikia harufu kali, mgonjwa ni pedi. Usukani ukitetemeka unapokanyaga, mara nyingi pedi imeacha tabaka lisilo sawa juu ya diski, na mafundi wengi hukimbilia kusema diski imepinda wakati haijapinda. Daktari asiyeuliza unaumwa wapi na tayari ameshaandika dawa ya bei mbaya, mwanangu, huyo ana duka la dawa.

Ule ugonjwa wa pili naujua tangu nikiwa utingo. Nilikuwa na miaka 19, kwenye lori la mizigo la Dar hadi Tunduma. Wakati wa kurudi tulikuwa tunauteremka Mlima Kitonga, kule Iringa, na yeyote aliyepita pale anaijua harufu ninayoisema. Breki za lori ni za upepo, hazina mafuta ya kuchemka, lakini zinapata moto hadi zinateleza. Dereva wangu alikuwa anaingiza gia ya chini kabla mteremko haujaanza, injini inanguruma, na breki anaigusa kwa vituo: anakanyaga sawasawa, anaachia, anaipa nafasi. Madereva wageni walikuwa wanashuka na mguu umelala juu ya pedali kuanzia juu hadi chini. Hao ndio tuliokuwa tunawakuta pembeni magurudumu yanafuka moshi, na tingo wao anakimbia na kabari.

Uwanjani ni Kitonga ile ile, isipokuwa mteremko unautengeneza mwenyewe kwa mguu wa kulia. Hebu tupige hesabu ya Stowe. Gari lako lina kama kilo 1,240, ukiongeza na wewe ni 1,320 hivi. Kulitoa kilomita 190 kwa saa hadi 110 ni kuondoa nguvu ya kuchemsha karibu lita tatu na nusu za maji ya bomba. Birika la umeme la nyumbani kwako, lile la kilowati 3, lingetaka dakika karibu saba kwa kazi hiyo. Wewe unataka ifanyike kwa sekunde tatu, na sehemu kubwa ya joto hilo iingie kwenye diski mbili za mbele. Kisha huzipi muda wa kupoa. Kabla ya Stowe ulishazibana kwenye kona za Village na Brooklands, na mbele yake kuna kona ya Vale inakusubiri. Silverstone ilianza 1943 kama uwanja wa ndege za vita, na jina la Hangar Straight linatokana na mabanda ya ndege. Ndiyo maana ni tambarare hivyo: hakuna kilima cha kukusaidia kupunguza mwendo. Kila kitu ni breki.

Na kumbuka joto hili linapanda kwa mraba wa mwendo. Ndiyo maana asubuhi, ulipokuwa bado unaogopa na unafika pale na 160, mambo yalikuwa shwari. Mchana ukashapata ujasiri wa kilomita 30 zaidi, na zile 30 peke yake zilileta mzigo mkubwa kuliko unavyodhani.

Je, breki za kiwandani ni za kwendea sokoni? Nitakupa jaribio la kulijibu mwenyewe. Mafuta yakishabadilishwa, tafuta mahali pakavu, pa wazi, pasipo na mtu, ambapo sheria inakuruhusu. Nenda kilomita 80, ukanyage breki kwa nguvu zote. Ukisikia pedali inatetemeka na kugonga chini ya mguu, hiyo ni ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, inafanya kazi. Maana yake breki zina nguvu ya kutosha kuzizidi tairi. Kalipa za pistoni sita, hata za pistoni ishirini, haziwezi kulisimamisha gari kwa umbali mfupi zaidi ya pale, kwa sababu kinacholishika gari na lami ni tairi. Breki zako zina nguvu. Zilichokosa ni stahamala, na stahamala ya joto hainunuliwi kwanza kwenye kalipa.

Seti kubwa ina faida yake, sitaki kuidhulumu. Diski kubwa ina chuma kingi zaidi, inameza joto zaidi kabla ya kuelemewa, na inapoa haraka zaidi. Kama ungekuwa umeongeza nguvu ya injini, umevaa tairi za mbio, unaingia uwanjani mara mbili kwa mwezi na diski zako za milimita 294 zinapasuka nyufa kila baada ya siku mbili tatu, ningekwambia anza kukusanya pesa. Lakini wewe umekwenda mara moja, na mafuta ya rangi ya chai kavu.

Kuna na hasara ambayo hukuambiwa. Toyota waligawa kazi ya breki kati ya mbele na nyuma kwa hesabu. Ukiweka mbele kalipa zenye eneo kubwa la pistoni ukaacha nyuma vile vile, mbele inafanya kazi kupita kiasi, nyuma inakaa kama mgeni, na tairi za mbele zinafika ukingoni mapema. Kuna watu wamelipa maelfu wakapata gari linalosimama kwa umbali mrefu kuliko mwanzo. Masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali, nayo ni ile ile, ikilazimika kusukuma mafuta mengi zaidi, pedali inakuwa ndefu. Seti nzuri hupigiwa hesabu hiyo. Anayekuuzia bila kuitaja, ama haijui au hataki uijue. Na yale matundu kwenye diski, uwanjani ndipo nyufa zinapoanzia. Yanapendeza nyuma ya rimu pale mtaani, basi.

Ya binamu yako nitayamaliza kwa sentensi moja: kalipa yenye jina kubwa kwa robo ya bei ni feki, na breki feki sizijadili.

Sasa nikwambie ningefanya nini kama gari lingekuwa langu.

Ningeanza na mafuta. Kuna mafuta ya breki yaliyotengenezwa kwa kazi hii, yanayochemka juu ya nyuzi 300 yakiwa mapya. Motul RBF 600 ni moja, nusu lita haikufilisi. Castrol SRF ni ghali zaidi lakini hata yakinyonya maji yanastahimili hadi nyuzi 270, zaidi ya DOT 4 mpya ya kawaida. Anayekwenda uwanjani mara mbili tatu kwa mwaka, chupa ya kwanza inamtosha, mradi ayabadilishe mwanzo wa kila msimu. Angalia usije ukauziwa DOT 5 kwa kudhani namba kubwa ndiyo bora. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganyiki na yaliyomo kwenye mfumo wako. DOT 5.1 ni kitu kingine, hiyo inaingiliana na DOT 4. Nani aliyepanga majina haya sijui, lakini hakuwa fundi.

Halafu pedi. Zile za bei nafuu zina kosa mara mbili. Zikipita nyuzi 400 hivi nyingi zinaanza kuteleza, na kabla ya hapo joto lake limeshapita kwenye pistoni kwenda kuyachemsha mafuta. Lakini usirukie pedi za mashindano kamili. Hizo zikiwa baridi hazishiki vizuri, zinapiga kelele kama mlango wa banda, na mkeo atakutana nazo saa kumi na mbili asubuhi ya baridi kwenye taa nyekundu. Gari lako lina kazi mbili, chukua pedi ya kati. Ferodo DS2500 ni mfano mmoja ninaouamini kwa matumizi ya namna hiyo. Mwulize muuzaji kwa maandishi kama pedi anayokupa inaruhusiwa barabarani. Kama hairuhusiwi, unazivaa uwanjani na kuzivua jioni. Kwa GT86 kubadilisha pedi za mbele si kazi, kalipa inafunguka kwa bolti moja ya chini na kuinuliwa.

Wengi wanakosea wakishafunga pedi mpya: wanakwenda nazo uwanjani siku hiyo hiyo. Zinatakiwa kuzoeshwa. Barabara iwe tupu, toa gari kilomita 100 hadi 20, kwa nguvu lakini ABS isigonge, bila kusimama kabisa, kisha ongeza mwendo tena. Mara nane hadi kumi. Baada ya hapo endesha bila kugusa breki mpaka zipoe. Kila mtengenezaji ana maelekezo yake ndani ya boksi, fuata hayo kuliko yangu. Kama hukufanya hivi, tabaka la pedi linakaa vibaya kwenye diski na utaniandikia barua nyingine kuhusu usukani unaotetemeka.

Mipira ya breki iliyosukwa kwa waya wa chuma ni nzuri, inafanya pedali iwe na jibu la haraka. Haiongezi stahamala. Kama mipira yako imezeeka, badilisha. Kama haijazeeka, subiri.

Diski za kawaida, zisizo na matundu wala mifereji, zinakufaa kabisa. Pima unene wake. Ukingoni zimeandikwa kiwango cha chini, zikikaribia hapo ziache nyumbani. Ukitaka kujua zinapata joto kiasi gani, kuna stika ndogo za kubandika kwenye kalipa, zenye vidoa vinavyobadilika rangi kila nyuzi fulani zikifikiwa. Bei yake ni ya kikombe cha kahawa au viwili, na zitakwambia ukweli kuliko muuzaji yeyote. Stika zikikuonyesha kwamba joto bado linazidi hata kwa mafuta na pedi mpya, kinachofuata ni bomba la kuleta hewa kutoka bampa la mbele hadi katikati ya diski. Bado hujafika kwenye seti kubwa.

Kwa bei za huko, mafuta, pedi za mbele na nyuma, na kazi ya fundi, ukizunguka vizuri hutavuka pauni 400. Ikibaki akiba ya uwanja, iende kwenye tairi. GT86 nyingi zilitoka kiwandani na Michelin Primacy za upana wa 215, na Toyota walizichagua kwa makusudi ili gari liteleze kwa raha. Kama za kwako ni hizo na zina umri wa gari, hapo ndipo mita za kusimama zilipojificha.

Sasa mguu wako. Jina ulilojipa nimelipenda, ila mguu mzito si lazima uwe kosa. Kwenye breki mguu mzito wa muda mfupi ni bora kuliko mguu mwepesi unaong'ang'ania. Wageni wa uwanja huogopa, wanaanza kubana mapema, nusu nusu, mita 200 nzima, na diski inakaangwa muda wote huo. Kanyaga kwa uthabiti, gari likiwa limenyooka, maliza, achia, geuka. Ni yule dereva wangu wa Kitonga. Halafu tazama ile taa ya njano ya gari kuteleza. Ikiwa inamweka kila kona, ujue kompyuta inakanyaga breki gurudumu moja moja kwa niaba yako, na hilo nalo ni joto ambalo hukulihesabu. Sikushauri uizime, bado ni mapema. Punguza papara ya kukanyaga mafuta kabla gari halijanyooka, na yenyewe itanyamaza.

Usimalize dakika 20. Ingia, zunguka mara tatu kwa nguvu, mmoja wa kupumua, mara mbili tena, na mzunguko wa mwisho usiguse breki kabisa kama kona zinaruhusu. Pedali ikirefuka hata kidole kimoja kuliko ilivyokuwa asubuhi, toka mzunguko huo huo. Pale Stowe naamini ilikuwa imeshakuonya, labda mizunguko miwili kabla, ila ulikuwa unafurahi.

Ukitoka, usivute hendbreki.  Acha gari kwenye gia, weka kabari. Na usikae umekanyaga pedali ukipiga soga dirishani: pedi za moto zikiganda kwenye diski sehemu moja ndiyo mwanzo wa ule mtetemo.

Nije kwenye ovataimu.

Wewe umeniuliza kama uchukue pesa za bati la mama yako, na nadhani jibu ulilijua, ndiyo maana ukaieleza hesabu yenyewe bila kuulizwa. Lakini mimi nina shughuli na Jumamosi. Huyu mama wa watu amekuwa akiliendesha gari ambalo pedali yake ilizama, na mwenye habari hiyo ni wewe peke yako. Hutaweza kumnyima ufunguo bila kumwambia sababu, na hutaweza kumwambia sababu ukaruka Silverstone. Mwambie leo, kabla hajaona changarawe akauliza. Anza na breki, si na ovataimu: kwamba gari lina hitilafu, kwamba litatengenezwa, kwamba mpaka hapo atakwenda na basi au wewe utalipa teksi. Kisha mengine. Atakasirika, na ana haki. Ukishamaliza kukasirikiwa, mwonyeshe hesabu ya pauni 400 na umwulize zitoke wapi. Kama ataamua zitoke kwenye ovataimu za kweli, zikubali.

Kuna simu nyingine ya kupiga. Bima yako ya kawaida kwa kiasi kikubwa haikulindi ukiwa uwanjani, soma karatasi zako uone. Ipo bima ya siku moja ya uwanja, ulizia bei kabla hujalipia kiingilio kingine. Na ukibadilisha breki kutoka za kiwandani, waambie watu wa bima ya barabarani. Usipowaambia, wanaweza kukataa kulipa siku ya ajali, hata ajali yenyewe ikiwa mkeo kagongwa akiwa amesimama.

Fundi akishavua tairi kesho, piga picha pedi ya ndani na ya nje, kila upande, unitumie. Ya ndani ikiwa imekwisha kuliko ya nje, mara nyingi pini za kalipa zimekauka, na hilo ni suala la grisi ya pauni tano. Na yale mafuta mapya yatakayobaki kwenye chupa, usiyatunze kabatini kwa ajili ya mwakani. Chupa ikishafunguliwa imeanza kunywa maji. Ipeleke pale wanapopokea mafuta machafu.